KUKAA PARSELI MOJA: MAZUNGUMUZO JUU YA NYUMBA NA UJIRANI KATIKA MUJI WA GOMA

Leo hatuzungumuzi juu ya wakubwa wala juu ya mapatano yenye kutiwa sahihi mbali na sisi. Leo tunazungumuza juu ya nyumba: nyumba ya mbao, chumba cha kupanga, choo cha watu wengi, na parseli yenye milango sita ao saba inayotazamana.

Pengine mutu atauliza: nyumba na amani vinahusiana namna gani? Basi tuangalie magomvi yanayofika kwa shefu wa avenyi kila juma. Ni machache sana yanayoanza na jina la kabila. Yanaanza na bido lililosukumwa kwenye mustari wa robine. Yanaanza na choo kilichojaa, na moshi wa mbabula unaoingia ndani ya chumba cha jirani, na franga za nyumba za miezi miwili ambazo hazijalipwa. Siku ya kwanza ni mama fulani na mama fulani. Siku ya tatu tayari ni "wale watu wa kule." Kati ya siku ya kwanza na siku ya tatu kuna nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo muzee mwenye akili, ao mama mwenye kuheshimiwa kwenye parseli, anaweza kuzuia mambo mengi. Siku ya nne ikifika, atahitaji askari, na askari hajui kutengeneza choo.

Nani alikuja wa kwanza?

Kuna neno linalosemwa sana kwenye robine: "Hawa wamekuja tu. Sisi ndio wenyeji." Tulipime neno hilo bila kukasirika.

Muji wa Goma umekaa juu ya udongo wa Bakumu, na jambo hilo lisisahauliwe na mutu yeyote. Lakini muji wenyewe umeongezeka kwa mikono ya watu wenye walitoka kila upande. Ulianza kama kituo cha Wabeleji, kikitazamana na Gisenyi. Mwaka wa 1988 Kivu iligawanywa, Goma ikawa sheflie ya Kivu ya Kaskazini, na wafanyakazi wa Leta na wachuuzi wakaongezeka. Machi 1993 vita viliwaka upande wa Walikale na Masisi, na jamaa nyingi za Wahunde, za Wahutu, za Wanyanga na za Watutsi zikakimbia, kila moja kwa njia yake. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda wakavuka mupaka ndani ya siku chache. Kisha vita vya 1996, vya 1998, na vingine vyenye munavijua. Mutu aliyejenga Ndosho mwaka wa 1995 anamuita mugeni yule aliyefika mwaka wa 2008. Yule wa 2008 anamuita mugeni yule wa 2022. Ukikaa na wazee wa avenyi moja ukiwauliza mumoja kwa mumoja baba zao walizaliwa wapi, utasikia Lubero, Masisi, Rutshuru, Kalehe, Walikale, Walungu. Wachache sana watasema: hapa.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hesabu hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 mulima Nyiragongo ulitoa moto. Lava ilipita katikati ya muji mupaka ndani ya ziwa, ikala maduka, nyumba, kanisa kubwa, na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Siku ile hapakuwa mwenyeji wala mugeni: wote walikuwa barabarani na matandiko juu ya kichwa, wengine kuelekea Gisenyi, wengine kuelekea Sake. Tarehe 22 Mei 2021 mulima ukatoa moto tena. Siku tano baadaye, amri ilipotoka ya kuhama sehemu kubwa ya muji, mamia ya maelfu walitoka Goma. Wapi walilala? Walilala Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu, Gisenyi. Ndani ya mashule, ndani ya makanisa, na ndani ya nyumba za watu wenye hawakuwa na kitu cha kuzidi. Watu wa Sake waligawanya na watu wa Goma mihogo yao na vyoo vyao.

Kisha kukafika Oktoba 2022, na watu wa Rutshuru wakakimbilia Kanyaruchinya. Kukafika Februari 2024, na watu wa Sake wenyewe wakapita barabara ile ile ya kilometa 25 kuja Goma. Wewe mwenye nyumba wa Katoyi ao wa Mugunga unayesema kwamba watu wa Sake wamejaza kartiye, jiulize nani alikupatia maji ya kunywa mwezi wa tano wa 2021. Hatusemi hivi ili kuwafanya muone haya. Tunasema kwa sababu ni deni, na deni linajulikana.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia ndani ya muji, na mwezi uliofuata makambi ya pembeni ya Goma yalitoshwa ndani ya siku chache. Jamaa zilizokuwa chini ya mahema zikajikuta zinatafuta fasi. Nyingine zilirudi vijijini na kukuta nyumba hakuna. Nyingine ziliingia ndani ya kartiye kwa siri, kwa ndugu, kwa rafiki wa kanisa, kwa mutu waliyefahamiana kwenye mustari wa chakula. Kwa hiyo swali la kukaa pamoja halipo tena pembeni ya muji. Liko ndani ya parseli yako.

Nyumba yenyewe

Sababu gani nyumba nyingi za Goma ni za mbao? Wageni wanafikiri ni umaskini tu. Si umaskini peke yake. Chini ya miguu yetu ni jiwe la lava. Kuchimba musingi ni kazi ya nyundo na mutaimbo, siku nyingi na franga nyingi. Nyumba ya mbao inakaa juu ya mawe machache yaliyopangwa. Ni nyepesi wakati udongo unatetemeka. Na inaweza kufunguliwa: misumari inatoshwa, mbao na manjanja yanapakiwa juu ya chukudu, na kesho inasimama fasi nyingine. Katika muji wenye mulima wa moto na vita, watu walijifunza kujenga kitu chenye kuhama.

Lakini ukuta wa mbao una masikio. Maneno ya usiku ya bwana na bibi, kilio cha mutoto, redio, sala, kikohozi, vyote vinapita. Ndani ya parseli ya milango saba hakuna siri, na hapo ndipo heshima inaanza: kujua jambo na kutolisema kwenye robine. Mama mwenye alikimbia Bashali na watoto watano, mume wake hajulikani aliko, hahitaji jirani anayehesabu ni nani aliyemutembelea jana. Wapangaji wengi wamefukuzwa kwa sababu ya maneno ya namna hiyo kuliko kwa sababu ya franga.

Tena ukuta wa mbao unawaka. Mbabula moja iliyoachwa ndani, mushumaa mumoja karibu na neti ya mbu, na moto unakula nyumba ishirini mbele gari ya kuzima moto kupata njia ya kuingia. Shefu wa avenyi anayeruhusu mutu kufunga njia kati ya parseli mbili na kusimamisha chumba kingine hapo anauza njia ya kukimbilia ya watu wote. Tunaomba neno hili lisomwe mara mbili mbele ya wazee. Afazali chumba kimoja kipungue kuliko kuzika watoto.

Na kuna hatari nyingine ambayo mugeni haijui kabisa, lakini mwenyeji anaijua. Upande wa magharibi, Keshero, Himbi, Mugunga, Bulengo, Lac Vert, kuna mashimo na mabonde madogo yenye mazuku. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini, nzito kuliko hewa ya kupumua. Haina rangi, wala mutu hapati harufu ya kumuonya. Inalala ndani ya shimo kama maji ndani ya beseni. Asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, inakuwa na nguvu zaidi. Mutu mukubwa aliyesimama anaweza kupita, na mbuzi ao mutoto aliye chini akafa. Ukiona fasi ambapo majani yamekauka bila sababu, ndege ao panya wamekufa, moto wa kiberiti unazimika ukiushusha chini, ondoka, na usirudi kumufuata mutu aliyeanguka bila kumushika kutoka juu kwa kamba. Parseli za namna hiyo zinauzwa bei ya chini, na muuzaji hasemi kitu. Mwenyeji anayenyamaza wakati mukimbizi anatandika mukeka karibu na shimo la mazuku amefanya zaidi ya kukosa adabu.

Kumupokea mutu nyumbani

Watu wanapenda kusema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Neno ni nzuri, lakini ndani ya Goma jembe litalima nini? Ni mawe. Mugeni wa muji anakosa kazi si kwa sababu ya uvivu. Shamba lake liko kilometa 60 kutoka hapa, na wengine wanalivuna. Kwa hiyo jamaa inayomupokea mugeni lazima itafute jembe la namna nyingine, na kulitafuta mapema.

Tumeona kwamba jamaa zinazokosana si zile zenye chakula kidogo zaidi. Ni zile zenye hazikuzungumuza siku za kwanza. Mugeni anafika usiku, kila mutu analia, mwenye nyumba anasema: "Kaa tu, hapa ni kwenu." Analisema kwa moyo safi. Lakini mwezi wa tatu unga unaisha tarehe kumi badala ya tarehe ishirini na tano, muke wa nyumba ananyamaza, mugeni anaona uso wake umebadilika, na hakuna anayetaka kufungua mudomo kwanza. Kunyamaza huko ndiko kunaharibu.

Basi, baba na mama wa nyumba, siku ya tano ao ya sita, wakati mugeni amepumuzika, muite mukae. Mwanaume aseme na mwanaume, na mama aseme na mama, kisha wote pamoja. Museme wazi mambo haya: watoto watalala wapi, hasa wasichana, na nani atalala karibu nao, maji yatachotwa na nani, makala yatanunuliwa namna gani, mugeni akipata kazi ya kubeba mizigo Birere ao ya kufua nguo, ataleta sehemu gani, na mutarudilia mazungumuzo haya lini. Sehemu inaweza kuwa ndogo sana. Hata fungu moja la sombe kwa juma linatosha kumupatia mugeni nguvu ya kukaa mezani bila kuinamisha kichwa. Na wewe mugeni, usingoje uitwe. Mwenye nyumba anaogopa kukuumiza, mufungulie wewe njia: "Yaya, tumekuja wengi, tuambie namna munafanya hapa."

Neno moja kwa wale wenye kugawanya musaada, kama wako kati yenu. Ukipatia mukimbizi mufuko wa unga mbele ya mwenye nyumba aliyemupokea miezi sita na watoto wake wana njaa, na wewe hata hukumusalimia, umeweka kisu kati yao, kisha umeondoka na gari. Shefu wa kartiye ana haki ya kusema kwamba liste iandike jamaa zinazopokea pamoja na zile zinazopokelewa.

Kupanga na kulipa

Tuje kwa wapangaji. Inchi yetu ina sheria juu ya kupanga nyumba ya kukaa, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Inataka patano liandikwe. Inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Inasema kwamba mupangaji hafukuzwi kama kuku: anapewa kwanza preavi kwa maandishi, na mwenye nyumba mwenyewe hana ruhusa ya kumutosha mutu na kutupa vyombo vyake inje. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi ya miezi mitatu, hasa wakati watu wanakimbia na vyumba vinakosekana. Tunawaelewa wenye nyumba pia. Kuna mujane ambaye vyumba vyake viwili vya kupangisha ndivyo shamba lake. Mupangaji akiondoka usiku na deni la miezi minne, mujane huyo ndiye analala njaa. Sheria inamulinda yeye vilevile, lakini haiwezi kumulinda kama hakuna karatasi.

Karatasi hiyo haiombi avoka. Ukurasa mumoja wa daftari unatosha kwa kuanzia: majina ya watu wawili, avenyi na namba, vyumba vingapi, franga ngapi na kama ni dola ao franga za Kongo, garanti ya miezi mingapi, tarehe ya kulipa, nani anatosha choo kikijaa, na mashahidi wawili wenye kukaa avenyi hiyo. Nakala mbili. Kila mara ukilipa, andikisha. Ugomvi ukifika, uende kwanza kwa nyumba kumi, kisha kwa shefu wa avenyi, kisha ofisi ya abita. Kumbuka lakini kwamba ndani ya miaka ya vita maofisi yanafunga na mihuri inabadilika. Karatasi yenye muhuri ni nzuri. Karatasi yenye muhuri pamoja na mashahidi wenye wangali wanakaa hapo ni nzuri zaidi.

Na wewe mupangaji mwenye kuongeza watu: ulipanga chumba kwa watu wanne, sasa muko kumi na mumoja kwa sababu ndugu wa muke wako walikimbia. Hakuna wa kukulaumu. Lakini mwenye nyumba asipate habari kwa kuhesabu viatu mulangoni. Uende umwambie siku ile ile. Wengi wakiambiwa wanakubali, wakifichwa wanafukuza.

Nyumba iliyoachwa

Hapa ndipo maneno yanakuwa mazito, na tunaomba musikilize bila haraka.

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa inchi ni wa Leta. Mutu anapata haki ya kuutumia, na karatasi kubwa ya haki hiyo ni sertifika ya kuandikishwa. Fishi ya parseli, kontra ya kununua yenye sahihi ya shefu, barua ya mwami: hizo zote ni hatua ao ushuhuda, lakini hazifiki nguvu ya sertifika. Watu wengi wa kartiye zetu hawana zaidi ya fishi. Ndiyo sababu parseli moja inauzwa mara mbili, na shefu wa zamani anasema hivi na shefu mupya anasema vile.

Sasa jamaa imekimbia. Nyumba iko tupu, mulango umefungwa na waya. Jamaa nyingine, nayo imekimbia kwingine, inafika na mvua inanyesha. Inaingia. Si wezi, mvua inanyesha. Mwezi wa kwanza wanasema: "Tunalinda." Mwaka wa kwanza wanatengeneza manjanja. Mwaka wa pili mutu anawashauri watafute karatasi. Na siku mwenyewe anarudi, anakuta mutoto amezaliwa ndani ya chumba chake. Pande zote mbili zina machozi ya kweli, na ndiyo maana jambo hili linaua watu.

Sheria ile ya 1973 inasema kwamba sertifika ikipita miaka miwili bila mutu kuipinga mbele ya tribinali, inakuwa vigumu sana kuibomoa. Kwa hiyo wewe uliyekimbia, usingoje siku ya kurudi ndipo useme. Hata ukiwa mbali, andika barua kwa ofisi ya udongo na kwa shefu, uweke nakala kwa ndugu ao kwa parokia, utaje mipaka na majina ya jirani wa pande nne. Karatasi zako usiziache chini ya godoro. Zipige foto, umupe mutu mwingine picha hizo azichunge. Na wewe uliyeingia kwa sababu ya mvua, nenda siku hiyo hiyo kwa nyumba kumi useme: "Tumeingia kwa fulani, tunajua si kwetu." Neno hilo likiandikwa, linakulinda na kuitwa munyanganyi, na linamulinda mwenye nyumba. Alichotengeneza mulinzi, mbao na misumari, kiandikwe pia, ili siku ya kurudisha wahesabiane.

Mushefu, ninyi ndio mizani ya jambo hili. Shefu anayetia sahihi juu ya nyumba ya mutu aliyekimbia, akijua kwamba amekimbia, anapanda vita vya miaka kumi ijayo kwa bei ya dola hamsini. Tunasema wazi kwa sababu ninyi wenyewe munajua.

Na wajane? Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inataka bwana na bibi wote wawili wakubali mbele ya kuuza parseli. Inamupatia mujane haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba ambamo alikaa na bwana wake. Lakini ndugu za marehemu wanafika mara nyingi siku ya arobaini na kufuli mupya. Mama mukimbizi, mwenye ndoa yake haikuandikwa popote na kijiji chake kimechomwa, hana wa kumusemea. Mashahidi wa mahari yake wako wapi? Mara nyingi wako hapa hapa muji, wametawanyika. Wazee wa kila kijiji kilichokimbia wangefanya kazi kubwa kama wangeandika sasa, wangali hai, nani aliolewa na nani na nani alikuwa na shamba fasi gani.

Robine, choo, na kilio

Juu ya maji tutasema kidogo, kwa sababu kila mutu anajua. Ndani ya lava visima havichimbiki kwa urahisi. Maji ya Regideso yanapandishwa kutoka ziwani, na siku umeme unakosekana, watu wanashuka ziwani na mabido. Mwaka wa 1994, wakati wakimbizi hawakuweza kuchimba vyoo ndani ya jiwe na walikunywa maji ya ziwa, kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yaliua watu karibu 50,000 ndani ya mwezi mumoja hivi. Kipindupindu hakiulizi kabila. Tia dawa ndani ya bido palipo na watu wa kutia dawa, na parseli yenye watu thelathini isikubali choo kimoja kama kuna fasi ya cha pili. Kwenye robine, mustari uwe mustari. Mutu wa kuchunga mustari asiwe ndugu wa mwenye robine peke yake. Wawe wawili, mumoja kati ya wenyeji na mumoja kati ya wale waliofika karibuni.

Jambo la kilio linahitaji maneno zaidi. Ndani ya Goma kila kabila ina mutualite yake. Inasaidia sana: ndoa, hospitali, sanduku, gari la kupeleka maiti. Lakini angalia mutu mwenye hana mutualite, ao mutualite yake ilitawanyika na vita. Mutoto wake akifa, nani anakaa naye usiku? Kuna avenyi ambamo wazee walipatana kwamba kila mulango utoe kitu kidogo kwa kila kilio cha avenyi, hata cha mupangaji wa juma moja, hata cha mukimbizi asiyejulikana jina. Franga ni chache. Lakini mutu aliyesaidiwa kuzika mutoto wake hawezi tena kuitwa "wale watu wa kule," na hata vijana wakitaka kumufanyia ubaya wanakuta mama zao wako mulangoni kwake. Sisi tunaona kwamba likelemba ya kilio ya avenyi inafanya kazi kuliko semina nyingi.

Vivyo hivyo salongo ya kuzibua mifereji. Musimuite mukimbizi kwa kazi ya jembe na kumusahau siku ya mukutano. Kama anachota takataka pamoja nanyi Jumamosi, aketi pamoja nanyi Jumapili wakati munachagua watu wa kamati.

Kuandika wageni

Nyumba kumi wana kazi ya kujua nani analala wapi. Kazi hiyo ni ya zamani, na ndani ya vita inaogopesha watu, kwa sababu liste inaweza kuanguka katika mikono mibaya. Ndiyo sababu namna ya kuuliza ina maana. Kuna anayepiga mulango saa tatu ya usiku na kusema: "Ninyi ni kabila gani?" Kuna anayefika muchana, anaketi, anapokea maji, anauliza majina na hesabu ya watoto, anaonyesha kituo cha afya na shule, anaeleza siku ya salongo. Wote wawili wanarudi na liste. Wa kwanza amejifunza majina ya uongo. Na kabila haina fasi kwenye daftari la nyumba kumi: hakuna choo cha kabila wala moto wa kabila. Tena kumuandika mugeni hakuuzwi. Shefu anayeomba franga ili aandike jina anafanya jamaa maskini zijifiche, kisha analalamika kwamba kuna watu wasiojulikana ndani ya kartiye.

Wenye kuongoza makundi ya kusikiliza wanaweza kutumia maswali haya. Ndani ya parseli yetu, nani alituonyesha choo na robine siku tulifika, na sisi tumewaonyesha nani? Ni njia gani kati ya nyumba imefungwa, na nani anaweza kuifungua? Ni nyumba gani kwenye avenyi yetu ina watu wanaolinda, na je, imeandikwa? Wazee wenye kusomea kundi karatasi hii waache kwanza wamama waseme, kwa sababu wao ndio wanakaa kwenye robine, kisha vijana, kisha wao wenyewe. Majibu juu ya nyumba zinazolindwa yaandikwe siku hiyo, mbele ya mashahidi wawili, na nakala mbili.